Kisima cha Maji Matupu

Uboho ulifika saa moja na robo jioni,
kijiko kimoja cha chai, hata hakikujaa,
ndani ya kasha la barafu lililoandikwa SAMAKI,
maana kasha la wadi lilipasuka mwezi uliopita.
Jina: Zadock Obuya. Miaka: kumi na tisa.
Kazi: mkata miwa, Muhoroni.
Fizi zinavuja damu tangu Jumanne.

Nikatandaza tone kwenye kioo, nikalitia rangi.
Chini ya hadubini seli zilisongamana
kama mpunga uliomwagika barabarani Ahero,
changa, nono, zambarau, zote sura moja.
Macho yangu yana miaka kumi na minne katika kazi hii.
Yalisema: saratani ya damu, na ni ile ya haraka.
Nikayauliza: ya aina gani?
Yakanyamaza.
Mapacha hukanganya kwa sura;
mama yao hungoja waseme.

Basi nikaenda kusikiliza.

Kila seli ya Zadock imebeba kitabu kilekile.
Seli ya kope, ya ini, ya kisigino kilichochomwa na mabua,
kurasa zote zimo, hakuna iliyopunjwa.
Kinachozitenga ni ukurasa unaosomwa kwa sauti
na ule uliofunikwa.
Kisomwacho hunakiliwa kwenye barua ndogo, ndogo mno,
zinazooza upesi kuliko omena walionyeshewa.
Uzigusie kidole kitupu tu, zimekwenda.
Kwa hiyo glavu juu ya glavu, barafu, mdomo kufumbwa.
Hata Mmbone aliyekuja kuomba chaja
nilimfukuza kwa nyusi.

Saa nne radi ikapiga upande wa ziwa.
Taa za Milimani zikazima, zikafuata zetu.
Jenereta ikakohoa, ikakohoa.
Sikuomba. Nilihesabu.
Nilipofika sekunde ya thelathini na moja mashine ikaamka,
imesahau kila kitu, inataka nianze upya,
nami nimebakiza nusu ya barua.

Nikaanza upya.

Mzunguko wa kumi: kimya.
Wa kumi na nane: kimya.
Nilikuwa natafuta sentensi moja tu.
Kuna jeni mbili zinazoishi mbalimbali,
moja kwenye kromosomu ya kumi na tano, moja ya kumi na saba,
hazina undugu wala ujirani.
Wakati mwingine hukatika, zikaungwa vibaya,
kama mlevi aanzaye methali hii akamalizia ile:
Haraka haraka hujaza kibaba.
Na seli huamini.
Hujaza kibaba, hujaza mifupa,
hazikomai, hazitaki kufa,
na damu inasahau namna ya kuganda.

Wa ishirini na tatu: mstari ukainua kichwa.
Wa ishirini na tano ulikuwa umesimama wima.

Nikapiga simu wadini.
Daktari Chelang'at alikuwa anakula; nilisikia kijiko.
"Ni ile ya kuvuja damu," nikamwambia,
"ile inayotibiwa kwa vidonge, vya ukoo wa vitamini ya karoti.
Aanzishiwe usiku huu. Asingoje karatasi yangu."
Kijiko kikatulia.
"Una uhakika?"

Nikatazama skrini tena.
Pembeni ya Zadock kulikuwa na kisima cha nane,
nilichokitia maji matupu kwa mkono wangu,
maji yasiyo na mtu ndani yake.
Chochote ambacho ningechafua kwa pupa,
kwa giza, kwa mikono iliyotetemeka jenereta ikikohoa,
kingepiga kelele pale.
Mzunguko wa arobaini, na mstari wake
bado umelala chali.

"Ninao," nikasema. "Maji hayajasema kitu."

Sidhani alinielewa.
Nilisikia sahani ikisukumwa,
kisha viatu.